Mwaka Niliokaa Jikoni kwa Bi Mariamu

Shirini tulimzika Jumanne, na Alhamisi tukamsomea khitma. Ilikuwa mwezi wa Machi, theluji ya zamani bado imerundikwa kando ya maegesho ya magari, nyeusi kama masizi, na wanawake waliingia ukumbini wakikung'uta viatu na kuulizana kwa sauti za chini nani atampeleka nani nyumbani. Baada ya Qur'ani na dua tulikaa upande wetu tukagawiwa biriani na chai ya maziwa. Nyuma yangu walikaa wawili ambao sikuwafahamu. Mmoja akasema, "Alikuwa mkali, lakini moyo wake mweupe." Mwenzake akajibu, "Nasikia ujanani alifundisha India, vijijini huko." "India? Shirini huyu wa Mombasa?" "Mwaka mzima. Yeye na msichana mwingine, wa Tanga." Msichana wa Tanga alikuwa mimi, viti viwili mbele yao, na sahani mapajani. Sikugeuka. Nilikuwa nimejuana na Shirini kwa zaidi ya miaka arobaini, tumeleleana watoto, tumepikiana katika uzazi na misiba, yeye Markham na mimi Don Mills, huku Toronto, na katika miaka hiyo yote hatukuuzungumza mwaka ule hata mara moja. Mtu akituuliza tulijuana wapi, mmoja wetu alisema "zamani, kwa kazi za jumuiya," na mwingine akamimina chai.

Watu walipoanza kuondoka alinijia binti yake, Nadia, macho yamevimba, simu mkononi. Nadia amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila akikisema anakichanganya na kukikatakata. "Anti Sakina," akasema, "kuna mwanamke India, anaitwa Halima. Mama alikuwa anaongea naye kila mwezi, miaka na miaka. Ametuma meseji za sauti, nyingi, mimi sielewi kitu. Kigujarati mimi ziro kabisa. Plizi, Anti, unaweza kumpigia umwambie Mama hayupo?" Akaniandikia namba nyuma ya karatasi ya dua. Nilimwuliza Halima yupi, ingawa nilijua. "Sijui. Mama alisema tu ni mwanafunzi wake wa zamani. Anti, uko sawa? Kaa chini." Nilikuwa nimeshakaa chini.

Nilikuwa na miaka ishirini. Jumuiya yetu ya Waislamu wenye asili ya India ilikuwa inachangia shule moja ya hisani katika kijiji cha Gujarati, shule ya watoto ambao wazazi wao walilima mashamba ya watu, na kila mwaka ilipeleka vijana wawili kutoka Afrika Mashariki kwenda kusaidia. Mwaka huo tulichaguliwa mimi na Shirini, ambaye nilikutana naye kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege, amekaa juu ya sanduku lake kama mtu anayelilinda na wezi. Tulifika wakati wa joto. Shule ilikuwa vyumba vinne vya mawe chini ya mabati, uwanja wa vumbi jekundu, na uzio wa miiba iliyokatwa na kurundikwa mpaka kifuani. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya darasa la kwanza: vitanda viwili vya kamba, rafu moja, na kuta zilizopakwa chokaa iliyoshika nguo kila ulipoegemea, hata tukawa tunakwenda darasani na migongo myeupe, watoto wakacheka. Dirisha lilielekea zizi la nyati wa kufugwa. Asubuhi tuliamshwa na moshi wa kinyesi kikavu kilichochomwa kama kuni na sauti ya mtu akiponda vitunguu saumu.

Nyumbani Tanga tuliitwa Wahindi, na nilikwenda India nikidhani kwamba angalau huko sitaulizwa kwetu ni wapi. Niliulizwa siku ya kwanza. Kikachi changu, lugha ya nyumbani kwetu, nusu yake Kiswahili bila mimi kujua, kiliwachekesha walimu. Niliomba "kijiko" wakaniangalia. Nilisema "basi" nikimaanisha yametosha, na hilo walilielewa, nikalishika kama mtu anayeshika ukuta gizani. Wanawake wa kijiji walinigusa shali na kuniuliza kama Afrika kuna nyumba. Kwa juma la kwanza nililia kila jioni, na Shirini, aliyekuwa na umri kama wangu lakini moyo wa mtu mzima, aliniambia, "Lia, ukimaliza tuandae masomo."

Siku ya nane nilikwenda jikoni kutafuta maji ya moto, na huko nikamkuta mpishi. Alikuwa ameinama juu ya jiko la udongo, amenipa mgongo, mwanamke mnene wa makamo, mweusi, nywele za kipilipili zimechomoza chini ya mtandio, shingo na mabega kama ya majirani zetu wa Ngamiani kule Tanga. Mdomo wangu ukatangulia akili. Nikasema, "Shikamoo."

Akageuka. Hakuelewa. Mimi nami nikabaki nimeshika birika, aibu imenijaa, nikijaribu kueleza kwa Kikachi changu kibovu kwamba ndivyo tunavyowaamkia wakubwa kwetu. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akanishika uso kwa viganja vyote viwili. Jina lake lilikuwa Mariamu, nao kule wakimwita Mariamben, yaani dada Mariamu. Alikuwa Sidi, mmoja wa watu wa asili ya Afrika ambao wameishi Gujarati vizazi na vizazi. Mababu zao waliletwa kutoka upande wetu wa bahari, wengine kama watumwa, wengine kama askari, na wamesahau kila kitu isipokuwa ngoma na maneno machache ndani ya nyimbo. Ngoma waliiita "goma." Alinifanya nimfundishe jibu la salamu, na tangu siku hiyo kila asubuhi nilisimama mlangoni nikasema "Shikamoo," naye akajibu "Marahaba" kwa sauti kubwa ili walimu wasikie.

Nilihamia jikoni. Kila nilipomaliza darasa langu nilikuwa huko, nimekaa juu ya kibao, namenya vitunguu. Alinifundisha kupiga rotla, mkate mnene wa uwele unaotandazwa kwa viganja bila kibao, na mkate wangu ukapasuka kila mara, naye akautupia nyati. Tulikula na mtindi mwepesi na chatne nyekundu ya saumu iliyotoa machozi. Mjukuu wake, Halima, alikuwa darasa la tatu, miaka tisa, mtoto wa magoti makavu na maswali mengi. Mama yake alikuwa amekufa. Alikuja jikoni baada ya masomo kutusomea kitabu chake cha hesabu kana kwamba ni hadithi, na bibi yake, asiyejua herufi, alitikisa kichwa mwisho wa kila mstari na kusema, "Vizuri. Endelea."

Siku moja mvua ilipokuwa inapiga mabati aliniimbia wimbo aliorithi kwa bibi yake. Alisema ni dua ya zamani, maneno yake ni matakatifu na hakuna aliye hai anayejua maana. Aliimba macho yamefumbwa, akipiga sufuria kwa vidole. Nusu ya kwanza sikuelewa kitu. Halafu likaja neno limepinda, limechakaa, lakini nikalitambua, na la pili, nikamwambia angoje, arudie. Akarudia. "Bibi," nikasema, "hii si dua. Hapa anasema: mama, lete maji." Akaacha kupiga sufuria. Nilidhani nimemwudhi. Kisha akaanza kucheka, mwili wote ukatikisika, akacheka mpaka akalia, akamwita Halima aje asikie. "Kumbe vizazi vyote hivi," akasema, "tulikuwa na kiu tu!" Tangu hapo aliwafundisha watoto wa darasa la tatu wimbo ule, na Halima akawa ndiye anayeuanzisha.

Mwezi wa Desemba tukaambiwa wageni wanakuja. Walikuwa wafadhili watatu kutoka Nairobi na Dar es Salaam, wazee wenye majina makubwa katika jumuiya. Kuta zilipakwa chokaa upya. Watoto walifundishwa kusimama mstari na kutupa maua. Bi Mariamu aliniambia ana jambo lake: siku hiyo ataimba mwenyewe pamoja na watoto, mbele ya watu waliotoka kule kule wimbo ulikotoka, ili wamweleze maneno yaliyobaki. "Wewe ni mtoto, umejua mawili. Wazee watajua yote." Alikuwa ametoa sari yake ya kijani kwenye sanduku na kuianika siku tatu kabla.

Siku mbili kabla ya ugeni, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na nimejitahidi miaka mingi nimfanye awe mbaya bila kufaulu. Alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na akitembea maili nyingi kuwabembeleza wazazi wawaache binti zao wasome. Aliniambia bila kuniangalia kwamba baadhi ya wazazi wamekuwa wakinung'unika: watoto wao wanalishwa na mkono wa Sidi. Siku ya wageni wazazi hao watakuwepo, naye hataki maneno. Ameshapata mpishi mwingine wa siku hiyo. Nikamwambia kuhusu wimbo. Akavua miwani. "Sakinaben," akasema, "hawa wametoka Afrika kuja kuona India. Hawakuja kuona Afrika. Wewe anakupenda. Mwambie wewe, ataelewa."

Ningeweza kukataa. Nimeiandika sentensi hiyo fupi kwa sababu sitaki kuizungushia maneno. Hakuna aliyenitisha. Shirini hakuwepo, alikuwa mjini siku zile anatibiwa malaria, na najua angesema nini, kwa hiyo nilishukuru kwamba hayupo. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukikiri hata kwangu mwenyewe: wazee wale walikuwa wanatoka kwetu. Ningesimama mbele yao kama binti wa Kihindi aliyerudi kutumikia nchi ya mababu, na sikutaka wanikute nimekaa jikoni, miguu ina majivu.

Nilimkuta anachagua dengu kwenye ungo. Nilikaa kwenye kibao changu. Nikamwambia, "Bibi, umefanya kazi sana. Mwalimu mkuu anasema kesho kutwa upumzike. Kuna mtu atapika." Vidole vyake viliendelea kutembea kwenye dengu, vikatoa jiwe, vikatoa jingine. "Na wimbo?" akauliza. "Ratiba imejaa." Akainua macho akaniangalia, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Ahsante, mwanangu," akasema. Alimaliza dengu zote, akazifunika, akaenda kwao mapema.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri kwa magari mawili. Maua yalitupwa. Nilivaa sari ya hariri niliyoazima kwa mke wa mwalimu, nikawavisha wazee mashada ya shingoni, nao wakafurahi kusikia Kiswahili nchi ya mbali, wakanitania kuhusu muhogo na nazi. Watoto wakaanza shairi. Nilikuwa nimesimama na mzee wa Nairobi karibu na lango nilipomwona. Bi Mariamu alikuwa nje ya uzio wa miiba, hatua kama kumi kutoka kwetu, amevaa sari yake ya kijani iliyopigwa pasi. Halima alikuwa ubavuni pake, nywele zimesukwa na kupakwa mafuta, ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa. Hawakuwa wameingia na hawakuwa wanaondoka. Walikuwa wanatusikiliza. Nimefikiri tangu wakati ule kwamba huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusikia watu wawili wakizungumza lugha ile, mmoja anauliza na mwingine anajibu.

Mzee wa Nairobi alifuata macho yangu. "Na yule mama pale?" akaniuliza. "Mbona kama wa kwetu?"

"Mpita njia tu, Mzee," nikasema.

Bi Mariamu aliinua mkono wake, si juu sana, mpaka usawa wa kifua, jinsi unavyomwinulia mkono mtu unayejua atakuja. Nilimwona. Nikamwona Halima naye anajinyoosha juu ya vidole vya miguu. Nikamgeukia mzee nikamwambia watoto wa darasa la tatu sasa watasoma jedwali la kuzidisha la tisa, nikamshika kiwiko, nikamwelekeza kivulini. Nilipoangalia tena njia ilikuwa tupu.

Hakurudi jikoni. Mpishi mpya alikuwa mwanamke mkimya ambaye chakula chake hakikuwa na kasoro. Halima hakurudi darasani, na mwalimu mkuu alimtuma mtu mara moja kuuliza, akajibiwa mtoto anahitajika nyumbani. Shirini aliporudi kutoka mjini, amekonda, macho ya njano, aliuliza Bi Mariamu yuko wapi. Nikamweleza, ila habari za langoni sikuzisema. "Ulimwambiaje?" "Nilimwambia apumzike." "Yeye akasemaje?" "Alisema ahsante." Shirini aligeukia ukutani, na asubuhi paji lake la uso lilikuwa na chokaa. Miezi iliyobaki tuliishi kwa adabu. Kila Ijumaa alasiri aliondoka na begi lake, akisema anakwenda posta, na sikuwahi kujiuliza mtu anayeandikia watu wachache vile ana barua gani za kupeleka. Mimi mara moja tu nilitembea mpaka kwenye mti wa mwarobaini ambapo njia ya kwao ilianzia. Nikasimama. Nikasikia mtu anakohoa ndani ya nyumba, nikarudi.

Vitu haviishi pale vinapoishia. Niliolewa, nikaja Kanada, nikafanya kazi ofisini miaka thelathini, nikalea. Kuna siku nimesimama kwenye foleni ya duka kule Dixon Road, ambako Waswahili na Wasomali ni wengi, nikasikia msichana nyuma yangu anamwamkia mtu, "Shikamoo," nikageuka mzima mzima, na aliyekuwa pale ni mama wa watu tu na kikapu cha ndizi. Nikiwa mgonjwa wa homa huwa naona ule mkono ulioinuliwa usawa wa kifua. Haunilaumu. Unangoja.

Baada ya khitma nilikaa na namba ile siku nne. Siku ya tano, saa tatu asubuhi, wakati kule ni jioni, nikapiga. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, ya mwanamke mtu mzima. Nyuma yake mtoto alikuwa anadai kitu, vifuniko vya sufuria vinagongana. Nilisema mimi ni rafiki wa Shirini, napiga kutoka Toronto. Hakuningoja nimalize. "Amekufa," akasema. Nikasema ndiyo. Alimwambia mtoto anyamaze, akaenda mahali penye utulivu, nilisikia mlango.

"Alinifundisha kusoma," akasema. "Alikuja nyumbani kila Ijumaa mpaka alipoondoka. Halafu akaniandikia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini barua zake nilizisoma mwenyewe. Nilimsomea na Bibi." Nikauliza Bibi alifariki lini. Alisema zamani, kabla yeye hajaolewa. Kisha akauliza, "Wewe unaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Sakinaben," akasema polepole. "Wa jikoni."

"Wa jikoni."

"Siku ile ya wageni tulikuja," akasema. "Mimi na Bibi. Alikuwa amepika halua, alitaka tu kuwapa. Tulisimama pale langoni. Njiani kurudi nililia, nikamwambia dada ametuona akageuza uso. Bibi akasema hapana, hakutuona, jua lilikuwa limempiga machoni. Alilisema hilo mpaka anakufa. Mtu akikutaja vibaya alimkatiza: jua lilikuwa machoni mwake, hakuona kitu. Nilimwuliza Shirini, naye akasema hajui, hakuwepo." Akapumua. "Sasa nakuuliza wewe. Ulituona?"

Dirishani kwangu magari yalikuwa yanapita kwenda kazini, mengi, kila moja na mtu mmoja ndani. Ningeweza kumwachia bibi yake lile jua. Alikuwa amelishikilia kwa ajili yangu maisha yake yote.

"Niliwaona," nikasema.

"Na yule mzee alikuuliza nini? Alituelekezea kidole."

"Aliuliza mama yule ni nani. Nikasema ni mpita njia."

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa kipofu. Nadhani na Bibi alijua." Sauti yake haikupanda. "Basi. Niambie Shirini alikufaje. Alikuwa na mtu?"

Nikamwambia yote niliyoyajua: ugonjwa ulianza lini, hospitali, binti yake alivyomshika mkono, dua zilizosomwa, ardhi ilivyokuwa ngumu siku ya maziko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kaburi limeelekea wapi, nikamwambia. Akanishukuru kwa kupiga. Halafu akasema, kwa heshima, kama unavyozungumza na mtu aliyekuzidi umri, kwamba nisimpigie tena. Kama atakuwa na la kusema, atapiga yeye.

Hiyo ilikuwa Machi. Sasa miti ya mtaani kwetu imeshapukutisha majani. Naitembeza simu chumba hadi chumba, na nikienda kuoga naiacha juu ya beseni, sauti nimeifungulia mpaka mwisho.